Pikapu ya Mama Mpishi

Mama anayetupikia kwenye harusi na misiba hapa Alby, pembezoni mwa Stockholm, si msemaji. Huonja mchuzi kwenye kiganja, hujifuta mikono kwenye kitenge, na sufuria zake huzibeba mwenyewe ngazi kwa ngazi. Jumamosi nilimsindikiza mtaa wa jirani, Hallunda, kuchagua pikapu iliyotumika, na wanaume wa kanisani, wasiojua hata kuwasha jiko, wakajileta bila kualikwa. Zilikuwa mbili: moja ya Kijapani, nyingine ya Kiswidi, gari la familia lililokatwa nyuma. Wanaume waliizunguka ya Kijapani wakipiga matairi mateke.

"Chukua hii, mama," akasema Révérien, mzee wa kanisa. "Siku ukiisafirisha nyumbani, spea zake zimejaa Bujumbura."

Hapo mama akawaka. Kila nyumba yetu Warundi wa hapa ina kochi lililofungwa nailoni, lisichakae kabla ya siku hiyo ya kusafirisha vitu kurudi nyumbani. "Kochi langu limevaa nailoni miaka yote hii, joto likija linaninasa mapaja!" Maegesho yote yaligeuka kumtazama. "Mume wangu nimemzika hapa hapa. Wajukuu wananijibu Kiswidi. Huko nyumbani mnakonipeleka ni wapi? Na nani kati yenu ameshanibebea hata sufuria moja?"

Akafungua mlango wa ile ya Kiswidi. Muuzaji alikuwa amefunika kiti kwa nailoni. Mama aliichana kwa mikono miwili, akamtupia Révérien kifuani, akaketi juu ya kitambaa kitupu.