Siku Baba Alipogeuka Mpishi

Watu wa rika langu wakikutana Arua hupenda kuikumbuka ile bustani ya maonyesho. Watakusimulia bembea ya chuma iliyokuwa ikisukumwa na wanaume wanne, nyani aliyevuta sigara, na mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ndege ya abiria, ukisimama mbele yake unaonekana uko safarini Ulaya. Mimi huwasikiliza huku moyo unanichemka. Wakiniuliza kama nami nilifika, nasema nilifika mara moja, siku ya pili ya Idi, kisha nainuka kwenda kutazama chungu jikoni.

Tulikuwa tumerudi Koboko kutoka Sudan miaka michache tu nyuma. Vita vya sabini na tisa, vilivyoiangusha serikali ya wanajeshi, vilitufukuza nikiwa mgongoni mwa mama, na tuliporudi nilikuwa nimeshajua kusoma na kubishana. Sasa nilikuwa na miaka kumi. Baba alitengeneza baiskeli Oraba, pale mpakani, za watu waliovusha mizigo kwenda Kaya, upande wa Sudan. Jioni alirudi na mikono myeusi kwa grisi, akanawa, akaswali, akakaa kimya. Kabla ya vita alikuwa askari, na si askari wa kupiga kwata tu, alikuwa mlenga shabaha anayejulikana kambi nzima. Habari hizi hakuniambia yeye. Niliziiba kule Sudan, wazee wakizungumza nami nikijifanya nimezama kwenye mchezo wangu wa vijiwe.

Koboko ilikuwa na adabu moja ambayo kila mtoto wa ukoo wa jeshi alifunzwa pamoja na kunawa mikono. Mtu mzima utamuuliza hali yake, watoto wake, mihogo yake kule Midia. Humuulizi alikuwa akifanya kazi gani kabla ya vita. Na mgeni akikuuliza kazi ya zamani ya baba yako, hujui. Kwa adabu hiyo, nusu ya wanaume wa mtaa wetu walizaliwa wakiwa na miaka arobaini.

Mimi adabu hii ilinikera. Darasani palikuwa na binti aliyejisifu kila asubuhi kwamba baba yake ana duka, na duka lenyewe lilikuwa meza yenye sabuni na kibiriti. Nilikuwa na kitu kikubwa kuliko meza ile, na kila siku nilitakiwa kukimeza.

Idi ile baba aliamua kutupeleka Arua kuiona bustani. Sijui wazo lilimjia kutoka wapi, maana hakuwa mtu wa matembezi. Nadhani alitaka, angalau siku moja, tuwe watu kama watu wengine. Tulipanda lori la tumbaku, baba na kanzu nyeupe, mama amejifunga gurbaba mpya yenye maua makubwa, mdogo wangu wa kike mgongoni mwake. Kapu la chakula lilikuwa miguuni petu, limefunikwa kwa tabaga, ile kawa ya rangi ambayo mama alisuka mwenyewe.

Njiani palikuwa na kizuizi. Tulishushwa wote, wanaume huku, wanawake kule. Vijana wa jeshi jipya walikagua karatasi, halafu wakawaambia wanaume wapandishe suruali na kanzu ili watazame vifundo vya miguu, kama buti za zamani zimeacha alama. Waliwatazama watatu wa mbele, wakachoka kabla ya kumfikia baba. Tulirudi garini. Baba alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, nami nikadhani ni jua.

Langoni mwa bustani palikuwa na ubao unaosema familia zote zinakaribishwa. Mlinzi aliyesimama chini ya ubao huo alifunua tabaga ya mama bila hata salamu, akachovya kidole kwenye mchuzi, akakilamba, akauliza kama ndani ya wali hatujaficha risasi. Aliona amefanya mzaha. Mama alifunika chakula chake, akasema asante. Asante! Mtu amekutia kidole kichafu kwenye chakula cha Idi, unamshukuru! Nilikuwa mdogo, lakini niliona wazi kwamba mama yangu, ambaye nyumbani angeweza kumfukuza dume la ng'ombe kwa ufagio, alikuwa amebadilishwa na lile lango.

Hata hivyo sitasema uongo, ndani palipendeza. Palikuwa na mikalitusi mirefu na nyasi zilizokatwa. Palikuwa na bwawa lililochimbwa, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na mashua moja ya bati iliyovutwa kwa kamba kutoka upande huu hadi upande ule. Nilipanda. Nilipanda na ile bembea ya chuma mara tatu. Nyani kweli alivuta sigara, na niliona uchungu kwa ajili yake, maana macho yake hayakuwa ya mnyama anayefurahi. Tulikula chini ya mti, na kama ilivyo desturi yetu siku ya Idi, baba aliwaita waliokuwa wakipita waje watie mkono kwenye sinia. Watu watano walikuja, hatukuwajua, wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Baba alikuwa akicheka. Sikumbuki kumwona akicheka vile kabla ya hapo.

Kisha tukafika kwenye kibanda cha kulenga.

Mwenye kibanda alikuwa mtu wa kutoka Kampala, mdomo wake haufungi. Alikuwa na bunduki ya upepo, ile ya kupigia ndege, na vizibo vya soda vilivyoning'inizwa kwa uzi mbele ya turubai. Ukipiga vitatu kwa risasi tatu unachukua zawadi. Juu kabisa ya rafu palikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu. Mama aliitazama. Akatazama pengine, akairudia. Yake ilibaki njiani mwaka ule wa kukimbia, na tangu hapo wageni wetu walikunywa chai iliyopoa.

Nilimshika baba mkono. "Baba, piga. Baba, tafadhali."

"Twende," akasema.

"Baba, Mama iko nataka ile chupa."

Sijui kama alishindwa na mimi, au na mama, au na mikono yake mwenyewe. Alilipa, akaipokea bunduki, na hapo nikamwona mtu ambaye sikuwahi kumwona. Aliikunja, akachungulia kilengeo juu ya mtutu, akaunyoosha kuelekea chini. "Macho yake iko pinda," akasema taratibu, kama anavyosema juu ya gurudumu la baiskeli. Akaegemeza shavu. Kizibo cha kwanza kikaruka. Sikumwona hata akipumua. Cha pili kikaruka.

Mwenye kibanda akapaza sauti, "Ehe! Mzee, hii kazi wewe iko najua zamani!"

Askari wawili waliokuwa wakinywa soda kibanda cha pili waligeuka. Walikuja polepole, bunduki zao mgongoni, zile za kweli. Mmoja alikuwa kijana sana, ndevu hazijaanza. Huyo ndiye aliyeuliza.

"Mzee, wewe najifunza wapi?"

"Bahati tu, afande."

"Piga ingine. Mimi nataka kuona hii bahati."

Baba alilenga tena. Risasi ilikwenda kutoboa turubai, karibu na paa. Watu walicheka, na baba akacheka nao, akatikisa kichwa, akairudisha bunduki mezani.

Basi nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Chupa ilikuwa yetu! Ilibaki kizibo kimoja tu, na nilimwona mkono wake, nilimwona akiusukuma mtutu juu kwa kutaka. Nikapiga kelele mbele ya kila mtu, "Yeye nakosa makusudi! Baba yangu ilikuwa askari! Ilikuwa napiga kushinda nyinyi yote!"

Kicheko kilikatika. Mama aliniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, jino likanikata ndani ya mdomo. Nilionja damu. Alikuwa amechelewa.

"Askari ya nani?" akauliza yule kijana.

Wakati ule wanaume walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko yale. Jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa sababu ya koti kuukuu la jeshi. Haya niliyajua, hakuna mtoto wa Koboko ambaye hakuyajua, na bado nilisema.

Baba hakunitazama. Mabega yake yaliporomoka, tumbo likatokeza, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, mtu wa kuchekwa. "Kweli, afande," akasema, "mimi ilikuwa jeshi. Jikoni! Mimi iko mupishi tu. Bunduki wanakataa kupa mimi, wanasema mimi itapiga sufuria."

Watu wakaanza kucheka tena. Kijana hakucheka.

"Mupishi gani napiga kizibo mbili?"

"Afande, leo Idi. Mungu iko nasaidia hata mujinga."

"Onesha sasa. Posho ya watu mia, wewe iko nasonga namna gani?"

Mwenzake alichukua fimbo iliyokuwa imeegemea kibanda, akampa baba. Na baba yangu, amevaa kanzu ya Idi, mbele ya mke wake na watoto wake na umati wa Arua nzima, akaishika fimbo ile kwa mikono miwili, akapanua miguu, akaanza kusonga ugali hewani. Alisonga. Akapangusa jasho. Akajifanya moshi umemwingia machoni. Akaonja kidole, akakunja uso, akasema chumvi iko mingi, wakubwa watamtandika. Watu walishika mbavu. Yule kijana mwisho alicheka, akampiga kofi la mgongo, akasema, "Enda, Mupishi."

Sijui kila alichokifanya baba jeshini. Labda wako waliokuwa na haki ya kumuuliza, na wangemuuliza wakiwa wameketi, kwa heshima, naye angejibu. Lakini kijana yule hakuwa akiuliza hilo. Alitaka kucheza na mzee siku ya Idi, akacheza.

Tulirudi Koboko jioni ileile. Hakunipiga, hakunikaripia. Afadhali angenipiga. Kwa majuma mawili nilikataa kumpelekea maji ya kunawa, kwa sababu alikuwa amenidhalilisha, ndivyo nilivyoona, na kwa sababu alikuwa amedhalilishwa kwa mdomo wangu, jambo ambalo sikutaka kuliona. Alijichotea mwenyewe. Mara moja tu aliniambia, akiwa ameinamia ndoo, "Wewe iko na macho mazuri. Funga mudomo, macho itatosha."

Habari haikubaki Arua. Watu wa Koboko walikuwepo bustanini siku ile, na kabla ya Ijumaa sokoni wote walimwita Mupishi. Kilichoniudhi zaidi ni wenzake wa zamani. Wanaume waliolala naye kambi moja, wanaojua kabisa mkono wake ulivyokuwa, nao walimwita hivyohivyo. Msikitini, Mupishi. Oraba, Mupishi, njoo tazama cheni. Nilikuwa nikipita karibu yao nasonya waziwazi, na mama aliniambia nitakufa na ulimi wangu.

Baba alifariki katikati ya miaka ya tisini, kwa kifua. Siku ya arobaini tulifanya karama, ile karamu ya kumwombea marehemu, tukachinja, watu wakaja mpaka kutoka Oli, kule Arua. Wanawake tulikaa upande wetu, nyuma ya turubai, tukisikiliza kipaza sauti. Akasimama mzee mmoja, rafiki yake wa kambini, ndiye aliyezungumza sana kule Sudan nikicheza vijiwe. Ni yeye niliyemwibia habari. Akasema, "Hii mutu ilikuwa mupishi. Sisi yote ilikula kwa mukono yake. Hata siku moja hakushika bunduki." Na wazee wenzake upande ule, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia: kweli, kweli kabisa.

Nilisimama. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza chuo cha ualimu, fomu za kuomba kazi ya serikali ziko ndani ya begi langu. Nilikuwa tayari kupita lile turubai na kukamata kile kipaza sauti. Mama alinishika upindo wa gurbaba, akanivuta mpaka magoti yangu yakakunjika.

"Kaa chini."

"Mama, wao iko nadanganya juu ya maiti! Yeye amekufa! Nani itafanya yeye nini sasa?"

Hakunitazama. Alikuwa akitazama miguu ya watu chini ya turubai, wale tuliowajua na wale tusiowajua.

"Hiyo maneno wao iko sema sio kwa yeye," akasema. "Yeye imemaliza. Iko kwa wewe."

Nilikaa. Nililia kwa hasira, na wanawake wakanipapasa mgongo wakidhani ni msiba. Juma lililofuata nilizitoa fomu begini nikazijaza mezani, mama akisafisha mchele karibu yangu. Jina, dini, mahali pa kuzaliwa. Palipoulizwa kazi ya baba, nilishika kalamu muda mrefu mpaka wino ukaacha doa. Kisha nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa mwalimu: mpishi.