Mshono Juu

Juzi, mjini Mbulu, nilimwona paka amelala chali juani, na mara nikasikia tena harufu ya spiriti na vumbi la ngano.

Utotoni tulikaa Hanang, kwenye shamba la ngano la serikali, ambako baba alishona magunia ghalani. Paka wangu mdogo alizaliwa kitovu hakijafunga. Utumbo ulitokeza chini ya ngozi, laini kama harage lililoiva.

"Huyu hatafika mwisho wa mavuno," mama alisema.

Baba akamwita bwana mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe. Alimchoma paka sindano ya usingizi, akaurudisha utumbo ndani, akashona taratibu.

"Mtunze, mwanangu," bwana mifugo aliniambia.

Ghalani baba alilaza kila gunia mshono juu, ngano isimwagike. Basi alasiri nzima nilimpakata paka chali, kombaini zikinguruma mbali, miguu yangu ikifa ganzi, nikiogopa hata kupiga chafya.

Baba aliporudi kutoka kazini hakucheka. Alinawa mikono, akakaa kando yangu. "Lete. Sasa zamu yangu."

Leo najua mshono ule haukuhitaji kulindwa hivyo. Nadhani baba alijua hata siku ile.