Sala Niliyomwombea Mama wa Samaki

Mke wangu alipokufa niliugua tumbo. Kila wiki nilikuwa zahanati, na kila wiki kipimo kilionyesha sina malaria. Mara ya tano au ya sita daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliweka kalamu mezani.

"Babu, siku hizi unakula na nani?"

"Peke yangu."

"Umeshalia?"

Nikamwambia machozi ni ya akina mama. Hakucheka. Aliandika barua, akaniagiza niende Jumatano ofisi ya kata, chumba cha nyuma, ambako muuguzi mstaafu alikaa na watu waliopelekwa na daktari. "Kule hakuna sindano. Mnaongea tu. Ukiona hakukufai, rudi unigombeze."

Nilikwenda ili nirudi nimgombeze.

Tulikuwa sita. Muuguzi alikuwa na sheria moja, akaitamka kila tulipokutana: yanayosemwa humu hayatoki humu. Tuliitikia, "Hayatoki." Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote, kama mwanafunzi anayetaka kuonekana.

Kati yetu alikuwemo mama wa umri wa binti yangu. Tuseme aliuza samaki mitaani, beseni kichwani. Kazi yake na kwao nimevigeuza humu; nimejifunza, ingawa nimechelewa. Majuma mengi alikaa karibu na mlango akikunja na kukunjua pindo la kanga. Siku moja akasema. Mtoto wake mchanga, ambaye mtaa mzima tulimzika tukiamini ni degedege, hakufa kwa degedege. Mama alikuwa amevuna mpunga tangu alfajiri, akalala na mtoto ubavuni, na alipozinduka alikuwa amemlalia. Mume hakujua. Hakuna aliyejua. Alitueleza bila kulia, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa bado mnaniona mtu?"

"Mtu kabisa, mwanangu," nilimjibu mimi.

Jumatano iliyofuata alichelewa. Akaomba radhi: alikuwa amepitiwa na usingizi. Yeye, ambaye tangu msiba alikuwa hafumbi macho! Tukacheka wote, naye akacheka. Muuguzi akasema habari njema kama hiyo hajaisikia mwaka mzima.

Jumamosi ile jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu. Kwetu, baada ya Injili, mwenye nia huitaja kwa sauti na wengine huitikia. Tangu mke wangu afe sikuwahi kutaja nia yoyote. Siku ile moyo ulijaa, nikapiga magoti nikasema, "Tumwombee mama mmoja aliyemlalia mtoto wake kwa uchovu wa mavuno, Mungu amwondolee mzigo."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Sikutaja jina. Nilijiona mwangalifu sana. Lakini mtaani kwetu msimu ule wa mavuno alikuwa amezikwa mtoto mchanga mmoja tu, na shangazi wa mumewe alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka nilipopiga magoti.

Alisubiri wenzake watoke. "Mzee mwenzangu, huyo mama tunamjua?"

"Mimi sikusema mtu."

"Basi. Macho yako yameshasema."

Kufikia Jumatatu mama yule alikuwa amerudishwa kwao, upande wa Malinyi. Mtoto wake mkubwa, wa miaka minne, alibakizwa kwa shangazi. Ndugu wa mume walisema hawawezi kumwachia na huyo mtoto.

Jumatano tulikuwa wawili chumbani, mimi na muuguzi. Wale wanne hawakuja, wala hawakuja tena. Daktari akaniita. Nilitegemea anifokee, na ningeshukuru.

"Babu, jana nimempa mama mmoja barua ya kwenda kule. Ameirudisha. Kaniambia, 'Daktari, mimi siendi kuanikwa.' Sasa niwapeleke wapi?"

 Nilimwomba amwandikie yule mama wa samaki barua ya kwenda kwa mshauri aliye karibu na kwao. Aliifunga kwa gundi mbele yangu, akanikabidhi.

Nilimkuta shambani kwa mama yake, juu ya dungu la miti, akiamia ndege wasile mpunga. Mama mtu alikuwa gulioni.

"Shikamoo babu."

Hata hapo alinisalimu.  Nikamwambia nimeleta barua ya daktari.

"Imefungwa?"

"Imefungwa kwa gundi."

"Na mdomo wako je?"

Nilipiga magoti kwenye tope nikasema nimekosa, kwamba nilikuwa namwombea.

"Ungeniombea kimya. Kwani Mungu kiziwi?" Akawapigia kelele ndege, wakahamia upande wa pili wa mpunga. "Juzi wamenipigia simu niongee na mwanangu. Ameniita shangazi. Nilikuwa nimeanza kulala, babu. Unajua? Nilikuwa nimeanza kulala."

Niliweka barua kwenye ngazi ya dungu. Nilipogeuka akaniita.

"Ukifika, usiwaambie umenikuta nimekonda."

Msimu umekwisha, mpunga umevunwa. Kila wiki nampitia daktari, naye hupiga simu kwa yule mshauri, na kila wiki jibu ni moja: hajafika. Mara tatu nimekwenda kwa shangazi kumwomba amrudishe mtoto kwa mama yake. Mara ya tatu hakunifungulia mlango.

Namba ya mama mzazi wa mama yule ninayo. Huniambia binti hasemi na mtu, na macho hayafumbi, usiku wala mchana. Hupokea simu zangu kwa sababu anadhani mimi ni mzee mmoja tu wa kile kikundi, mwenye huruma. Juzi kabla ya kukata aliniita baba, akanisihi nisiache kumwombea mwanawe. Sikumwambia mimi ni nani.