Tuligongwa tukiwa kwenye gari ya app Nyakato, mke wangu akakataa kusaini

Wakuu, nawasalimu wote, pamoja na nyie mnaosoma kimya kimya bila kukomenti hata siku moja.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara moja. Leo mke wangu mwenyewe kaniruhusu. Kasema andika yote, usiongeze chumvi, na mimi nisome kwanza kabla hujapost. Kwa hiyo mnachosoma hapa kimepita mikononi mwake.

Mimi ni fundi wa mafriji. Tunaishi Ilemela, huku juu kwenye mawe. Kwetu ni Magu. Mke wangu anaitwa Adventina, Mhaya wa Muleba, na kazi yake ni ususi.

Si ususi wa kubahatisha. Ana saluni ya chumba kimoja chini ya kilima, na kuna wanawake wanavuka mji mzima kumfuata yeye tu. Akiwa anasuka anaongea, anacheka, anamkaripia mtoto, na vidole vinaenda vyenyewe. Nayasema haya mapema ili muelewe ni nini kiliumia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Aliitwa Nyakato kumsuka bibi harusi na wadogo zake. Mimi nilikuwa na friji ya kutazama maeneo hayo hayo, tukasema twende pamoja. Binti yetu Koku tukamwacha kwa jirani. Nikaita gari kwenye app.

Dereva aliyekuja anaitwa Masunga. Kijana mkimya, gari safi. Alishuka akampokea mke wangu begi la rasta, na kabla ya kuondoka akatuomba, kwa adabu kabisa, tufunge mikanda ya nyuma.

Wakuu, tuseme ukweli, nani hapa anafunga mkanda wa nyuma? Lakini alivyoomba ungeona aibu kukataa. Tukafunga.

Tulipofika kwenye viwanda, pickup ikachomoka getini bila kuangalia na kutupiga ubavuni. Upande wa Adventina.

Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka rasta zimetapakaa kwenye kiti, na mke wangu ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wewe uko mzima?"

Masunga alikuwa anavuja damu kwenye paji la uso. Alituzungukia, akahakikisha wote tunaongea, akasimamisha gari ya msamaria ya kutupeleka hospitali. Wakati tunaingizwa humo nilimwona anapiga picha: magari yalivyokaa, namba ya pickup, stika ya bima kwenye kioo, na lile geti. Nilishangaa, mtu anavuja damu anapiga picha. Baadaye ndiyo nilielewa.

Hospitali walimpokea vizuri. Masunga huyo huyo ndiye alienda polisi akatuletea PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, maana mimi sikutaka kubanduka pale kitandani. Yeye paji la uso alishonwa mwisho, baada ya sisi kuhudumiwa.

Mifupa yote miwili chini ya kiwiko ilikuwa imevunjika. Akafanyiwa upasuaji, wakaweka vyuma. Vyuma vilikaa vizuri, lakini kidole cha mwisho na jirani yake havikuitika. Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia, tusubiri, afanye mazoezi, na huenda akahitaji upasuaji mwingine.

Adventina alimsikiliza daktari mpaka mwisho. Akaniangalia, akageukia ukutani.

Nilikaa pale nikamshika mguu, maana ndiyo sehemu pekee niliyokuwa na uhakika haimuumi.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo mambo ya sheria yanapoanzia, msiruke.

Siku chache baadaye akaja mwenye pickup. Mzee wa heshima zake, kavaa vizuri, kaleta matunda. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa pole ndefu, akasali na sisi. Alisema aliyekuwa anaiendesha pickup ni mfanyakazi wake na alikuwa na haraka ya kupeleka mzigo. Mimi nilimpenda yule mzee. Nasema kweli.

Mara ya pili alikuja na karatasi iliyochapwa. Akasema tuyamalize kiungwana, ya nini kusumbuana. Atalipa matibabu yaliyokwishafanyika na kutupa kifuta jasho. Sisi tusaini kwamba hatumdai kitu tena, sasa wala baadaye.

Halafu katikati kulikuwa na sentensi moja: kwamba gari tuliyopanda ilikuwa kwenye mwendo mkali.

Niliisoma kwa sauti. Adventina akaniomba nirudie pale pa mwendo mkali. Nikarudia.

Akamwambia yule mzee, kwa upole kabisa, "Baba, mkono ndiyo umevunjika. Ulimi bado mzima. Yule kijana hakukimbiza gari, siwezi kusema alikimbiza."

Mzee hakukasirika. Alisema tufikirie, hana haraka, ila tukumbuke mahakamani watu wanazeeka. Akaacha karatasi juu ya kabati la dawa, akaaga.

Wakuu, mimi nilitaka kusaini. Saluni imefungwa, mimi kazi nazikimbilia nusu nusu, mtoto yuko kwa watu. Nilimwambia Adventina, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie, kwamba Masunga ana ndugu zake wa kumtetea.

Akanijibu, "Baba Koku, hivi ile mikanda nani alitufungisha?"

Nikaikunja ile karatasi.

Kabla hatujatoka wodini akapita mtu mwingine, kabeba mkoba, anajiita wakili wa ajali. Alitaka Adventina aweke dole gumba hapo hapo, mengine atamaliza yeye. Mama wa kitanda cha jirani akamuuliza ofisi yake iko wapi na namba yake ya uwakili ni ipi. Jamaa akakumbuka ana kikao. Hawa ni vishoka, wapo, na wanajua kuchagua siku ambayo akili yako haijatulia.

Tukarudi nyumbani. Huko nikakutana na mtihani ambao sikuutegemea: nywele za Koku.

Shuleni kwao wanasuka. Mama mtu hawezi. Jirani akajitolea, Koku akagoma, akasema atasukwa nyumbani kwao tu. Basi Adventina akakaa kwenye kiti, mkono umening'inizwa shingoni, mimi nikakaa kwenye kigoda, mtoto katikati ya magoti yangu. Akawa ananielekeza. Gawa hapo. Usivute. Legeza, huyo si friji.

Nilichoweza ni twende kilioni, ule msuko rahisi wa mistari ya kurudi nyuma, tena ya kupinda pinda kama njia ya ng'ombe. Koku alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema, "Baba umejitahidi." Adventina alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ajali. Nilienda nyuma ya nyumba kidogo, nikarudi.

Jumapili iliyofuata sista mmoja wa parokiani alituelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, jirani na mahakama. Tukampata Wakili Nyamizi. Mama mtu mzima, sauti ya chini. Alipotaka kumsalimia Adventina aliona bandeji, akanyoosha mkono wa kushoto bila kuuliza.

Hakuanza na malipo. Alianza na, "Mama Koku, niambie siku yako ya kazi ilikuwaje kabla ya hili." Adventina akaeleza, na yeye akaandika kila kitu, hadi kwamba anasuka kwa kusimama.

Nilimpa ile karatasi ya mzee. Akaisoma, akasema ni vizuri hamkusaini, maana upasuaji wa pili ungekuwa wenu peke yenu. Akatueleza kwamba bima ya gari iliyokosea ndiyo ya kwanza kuangaliwa, kwa kuwa ipo kwa ajili ya watu kama sisi. Ila bima haitoi kitu kwa huruma. Inataka ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, ripoti ya daktari, na ikiwezekana hukumu ya kesi ya trafiki inayosema nani alikosea. Na madai haya yana muda wake wa mwisho kisheria, ukilala umelala.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaenda mwenyewe Nyakato, mimi nikamfuata. Akasimama mbele ya lile geti akaniuliza, "Hili tuta lilikuwepo?"

Lilikuwepo. Tuta kubwa, hatua chache kabla ya geti. Gari ndogo ikilirukia kwa kasi inaacha bampa pale pale. Tulikuwa tumetoka kulivuka. Mimi niliyekuwa ndani ya gari sikulikumbuka kabisa.

Kwenye simu yangu bado kulikuwa na rekodi ya ile safari: njia, muda, jina la dereva. Niliwaandikia wenye app, wakanijibu kwanza yale majibu ya mashine. Wakili akaandika kwa barua rasmi, wakathibitisha safari yetu na mwendo wa gari. Ulikuwa mwendo wa kawaida tu. Hizo pamoja na picha za Masunga zikaenda kwa trafiki.

Na Masunga? Alikuwa amerudi kwao Magu. Mwenye gari aliyokuwa anaiendesha alimsimamisha mpaka ijulikane nani ana kosa. Alikuwa analima mpunga na mama yake.

Dereva wa pickup alifikishwa mahakamani, Adventina akaitwa shahidi. Asubuhi ile nilimfunga vifungo vya blauzi. Wakili wa upande ule alimuuliza mara tatu kwa maneno tofauti kuhusu mwendo wa gari. Mara zote tatu alijibu kile kile, bila kupandisha sauti: tulikuwa tumetoka kwenye tuta, gari ilikuwa inatambaa.

Hakimu alimtia hatiani dereva wa pickup. Akapigwa faini. Sikufurahi kumwona amesimama pale, alikuwa kijana tu aliyeambiwa awahi.

Nje kwenye korido tukamkuta Masunga, naye alikuwa amekuja kusikiliza. Akachukua mkoba wa Adventina, akatangulia nao mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja kutoka Magu na mchele na jogoo. Kiswahili chake cha shida, anachanganya na Kisukuma, mimi natafsiri. Aliuchukua ule mkono mbovu, akauweka kati ya viganja vyake, na hakuuachia mazungumzo yote, hata chai alipoletewa. Alisema, "Mwanangu alinyamaza kula. Sasa anakula."

Adventina hakuhitaji nitafsiri.

Bima walianza na kiasi ambacho Wakili Nyamizi alikirudisha. Alipeleka ripoti ya daktari ya ulemavu, picha za kazi za mke wangu, na maelezo ya wateja wake waliojitokeza wenyewe, akiwemo yule bibi harusi aliyeolewa kwa nywele za kubana tu. Ilichukua muda, kuna miezi nilikata tamaa kabisa. Mwishowe wakakubaliana bila kufungua kesi nyingine.

Hatukutajirika. Ila upasuaji wa pili ulifanyika, na saluni ikafunguliwa tena. Masunga yuko barabarani na gari nyingine. Yule mzee tulikutana naye Kirumba juzi juzi. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza mkono unaendeleaje, na nadhani aliuliza kwa moyo.

Kidole kimoja kimerudi. Kimoja bado kinakaa kimejikunja. Adventina anasuka tena lakini polepole, na amechukua mabinti wawili anawafundisha. Kuna siku anaangalia vidole vyao vinavyokwenda kasi, anatoka nje kidogo. Huwa simfuati haraka. Nampa muda, halafu naenda kusimama naye.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba baada ya ajali mtu anayeumwa hatakiwi kusaini chochote, hata aliyeleta karatasi awe mwema kiasi gani. Pata PF3, piga picha kabla magari hayajasogezwa, hifadhi rekodi ya safari kwenye simu, kisha tafuta wakili wa kweli mwenye ofisi na namba. Huna uwezo? Uliza msaada wa kisheria, upo, na hauombwi kwa kujificha. Na usimtwishe mtu kosa lisilo lake ili mambo yako yaishe haraka. Hili la mwisho si langu, ni la mwenye mkono.

Karibuni mkomenti, mawakili mturekebishe pale nilipokosea. Ila tafadhali, kuna swali ambalo mke wangu kanisisitizia niliweke hapa, na yuko pembeni yangu anasubiri majibu.

Kuna mtu humu, au mamaye, au dada yake, ambaye kidole chake kilikufa ganzi baada ya ajali na kikarudi baada ya zaidi ya mwaka? Mlifanya mazoezi gani?

Mtuambie hata kama kilirudi kidogo tu.