Hodi Chini ya Pikapu

Juzi pale Kibaha nilimkuta fundi akiinua injini ya gari kuukuu kwa mtaimbo, akitafuta raba iliyokatika, na ile harufu ya grisi ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Mzenga.

Babu alipofariki alituachia pikapu. Kila baba alipoachia klachi, kitu kiligonga chini ya miguu yetu: ngo, ngo, ngo. Wakubwa walisema gia boksi imekwisha, bora gari liuzwe chuma chakavu. Mimi, msichana mdogo, nilijua ni babu anapiga hodi, nikawa namjibu kimoyomoyo, "Karibu, babu."

Alasiri moja tulilipeleka kwa fundi wa pale, naye akamwambia baba aachie klachi taratibu, huku yeye akichungulia chini ya boneti. Injini ikaruka. "Gia boksi nzima kabisa. Raba zinazoshikilia injini ndizo zimekatika, ndiyo maana inagonga," akasema, kisha akachonga vipande vya tairi na kuvipachika.

Tulirudi nyumbani, gari letu kimya, hakuna tena ngo, ngo. Nikaanza kulia. Baba aliponiuliza, nikamweleza.

Akabadilisha gia, akaachia klachi; hakuna kilichogonga.

"Si ulimkaribisha, mama? Basi ameshaingia. Aliye ndani hapigi hodi."