Breki za Nyuma za Gari la Bwana

Mume wangu Nguma alijifunza ufundi wa magari jeshini. Vita vilipokwisha alirudi kwetu Bofu na tamaa moja tu: udereva wa kudumu kwa Mzungu mmoja wa Likoni. Bwana huyo alimweka majaribioni, kisha akamwambia alipeleke gari lake dogo nyumbani akalibadilishe breki za nyuma, maana gereji ni ghali. Zikishika, kazi ni yake.

Jumapili asubuhi Nguma alifungua magurudumu ya nyuma, akavitoa viatu vya breki, vile vyuma vilivyopinda vyenye utando mkavu unaokamata gurudumu. Akavipigia utando mpya, akavipanga juu ya gunia. Kengele ikalia, tukaenda kanisani. Mkwe wangu, Mama Mwidani, aliyemzaa Nguma, alibaki nyumbani.

Huku kwetu chumvi ya bahari hula kila chuma, na mkwe wangu alikuwa na dawa moja: mafuta ya nazi. Jembe alilipaka, bawaba alizipaka, hata vichwa vya wajukuu havikusalimika.

Tuliporudi Nguma alivifunga viatu vyake, akalijaribu gari mchangani. Likasimama. Mchanga husimamisha hata mkokoteni.

Kesho yake alimpeleka Bwana kivukoni. Wakingoja feri kwenye mteremko, Bwana alishuka kunyoosha miguu. Nguma akavuta breki ya mkono, ile inayokamata magurudumu ya nyuma peke yake, naye akashuka. Gari likampita polepole, likaingia majini hadi kwenye vioo. Bwana alimfukuza papo hapo, tena akamtangaza kwa Wazungu wenzake.

Jioni tulikuwa tukila sima, mama yake akamwambia, "Pole, mwanangu. Nami nilivyojitahidi! Ulipokwenda kanisani nilivipaka mafuta vile viatu vyako. Vilikuwa vikavu, masikini. Nikavisugua hata vikayanywa yote."

Nguma alimega tonge jingine.

"Ahsante, mama," akasema.

Tulipobaki wawili nilimkabili Nguma. "Mwambie! Asije akakuita fundi wa bure."

"Atakufa kwa majonzi, Kafedha. Mwache."

Na mimi ningesema nini? Mke hamjibu mkwewe. Nguma akaenda kubeba magunia bandarini, kwa kuwa hakuna aliyemtaka karibu na gari lake. Nyumbani mama yake akawa akimwambia kila mgeni kwamba mtoto wake alizamisha gari la watu. Nilimchukia mwanamke yule, na mpaka leo namchukia.

Hakufa kwa majonzi. Nguma ndiye aliyetangulia, rundo la magunia lilipomwangukia. Matangani mama alilia kweli, kisha akawaambia waliokuja kuhani, "Mwanangu alikuwa na moyo mzuri. Ila ufundi, jamani, hakujaliwa."

Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikamwongezea mkwe wangu chai.