Beti Kumi na Nne, Wala Mimi Simo

Shairi la kutubomoa lilikuja na basi la asubuhi kutoka Likoni, ndani ya gazeti la Kiswahili lililokuwa likichapwa Mombasa kila wiki. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya duka la Msambweni, na mwalimu mkuu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu cha michezo ya kuigiza, ndiye aliyelifungua. Ubeti wa kwanza aliusoma kwa sauti kubwa, wa pili kwa sauti ndogo, wa tatu akausomea moyoni. Nikamnyang'anya gazeti.

Mtunzi alikuwa mzee mmoja wa Vanga, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye mashairi yake yalijulikana pwani nzima. Wiki mbili nyuma alikuwa amepita Msambweni kwa shughuli zake, akatukuta tunacheza katika uwanja wa shule baada ya sala ya alasiri, juu ya meza za darasani tulizozifunga kamba zisiachane. Alisimama nyuma kabisa, akatazama mpaka mwisho, akaenda zake bila ya kusema neno. Neno alikuwa akiliweka.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mzee tajiri, kibogoyo, aliyeoa binti mdogo, na binti akamchezea shere mpaka mzee akatoa talaka kwa hiari yake. Mzee alichezwa na ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mdogo, fundi cherehani wa rika langu. Bibi harusi nilikuwa mimi.

Siku zile hapakuwa na mwanamke kwetu ambaye angepanda jukwaani mbele ya wanaume, kwa hiyo wanawake tulikuwa sisi wenyewe. Nilikuwa mwembamba na sauti yangu ilikuwa nyororo, lakini sikutegemea hayo. Mwezi mzima nilikwenda kwa shangazi yangu kila jioni anifundishe: namna ya kushika ukingo wa buibui kwa meno mikono ikiwa imebeba sinia, namna ya kukaa, namna ya kucheka bila ya kuonyesha meno. Kila nilipokaa kiume alinichapa paja kwa kipepeo cha kupepea jiko. Siku ya mchezo alikuwa upande wa wanawake, na baadaye akaniambia kwamba kuna mahali alisahau kabisa kuwa ni mimi.

Ndugu yangu yeye hakujifunza kitu. Alijipaka unga nywele, akabandika ndevu za pamba, akaona yatosha. Na katikati ya sehemu ya pili, mimi nikiwa ninamlilia mama yangu, tena machozi ya kweli, akatia mkono mfukoni, akatoa karanga, akaanza kuzitafuna. Kra, kra, kra! Mzee kibogoyo! Pwani yetu kila nyumba yenye mzee asiye na meno ina kinu kidogo cha kumpondea tambuu, maana hawezi kuitafuna, na mimi mwenyewe, punde tu, mbele ya watu wale wale, nilikuwa nimempondea yake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kilio changu hakikusikiwa na mtu.

Sasa gazeti lilikuwa mkononi mwangu. Beti kumi na nne. Mbili zilikuwa za pazia letu la mashuka, lililokwama likaonyesha miguu ya watu wanaojivika. Moja ilikuwa ya karani wa hospitali, aliyecheza kadhi na kuangusha kilemba chake. Mbili za mwalimu mkuu, aliyekuwa akiwanong'onezea wenzake maneno kwa sauti iliyofika barabarani. Nyingine za meza, za ngoma, za makelele. Na sita, sita nzima, zilikuwa za ndugu yangu:

*Mzee huyu ni gani, atembeaye kibata,*
*Hana meno mdomoni, karanga azitafuta?*

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu, nikasoma tena kwa kidole. Mimi simo. Si kwa sifa, si kwa lawama, hata nusu ya mshororo sikupewa. Pazia lina beti mbili, na mimi sina.

Wenzangu kila mmoja alilipokea lake kivyake. Karani wa hospitali aliununia ubeti wake kwa siku mbili, kisha akaukata kwa mkasi akauweka ndani ya kitabu. Mwalimu mkuu aliapa kwamba pazia halikuwa bovu kiasi kile. Wengine kijijini waliona wametukanwa wao, wakasema mtu wa Vanga ana nini na mchezo wa Msambweni. Lakini wengi walicheka, na shairi likashika ndimi za watu. Lilisomwa barazani, lilisomwa kisimani, na kabla ya Ijumaa ndugu yangu alikuwa ameshabandikwa jina la Bwana Karanga.

Yeye jioni alijifungia ndani, akalia. Naam, alilia, nilimwona kwa macho yangu, na nilimbembeleza kwa mdomo huku roho ikinichoma. Kwa sababu kwenye kibanda chake cha cherehani watu walikuwa wamejaa. Waliokuwa hawana nguo ya kushona walimletea kanzu nzima zitiwe kifungo, ili mradi wamwone. Mtu akifika kutoka Gazi au Shimoni huuliza yule wa karanga anakaa wapi. Mmoja alinigeukia, nikiwa nimekaa pale pale, akaniuliza, "Na wewe, bwana, siku ile ulikuwepo?" Nikamjibu kwamba nilikuwepo. Nikainuka na wivu wangu, chai nikaiacha.

Kwetu mtu akikupiga kwa shairi gazetini, humjibu kwa mdomo njiani. Unamjibu kwa shairi, kwa vina vile vile, katika gazeti lile lile. Ukinyamaza, gazeti likatoka mara tatu bila ya jawabu lako, watu husema umesalimu amri, na hapo tena huna uso wa kusimama mbele yao. Ndugu yangu alilijua hilo, na alijua pia kwamba hawezi kutunga. Mimi nilikuwa naweza. Akanijia nyumbani.

"Nitungie, ndugu yangu," aliniambia. "Tia jina langu chini, na kwenye mchezo tulioalikwa Kwale nitakwenda kifua mbele. Bila ya hivyo siendi, siwezi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikatunga. Na lilikuja vizuri, jamani, lilikuja vizuri kuliko lolote nililowahi kutunga. Lilimfanya mzee wa karanga aseme mwenyewe kwamba zile hazikuwa za kutafuna, zilikuwa za kumkumbusha meno yaliyokwenda. Nilipomaliza nikaliona lote: litachapwa, litasomwa barazani, watu watacheka, watasema Bwana Karanga kumbe ana kichwa. Mara ya pili gazetini, na mara hii kwa jasho langu. Nikalikunja nikalitia chini ya godoro.

Akaniuliza kama nimelipeleka posta. Nikamwambia nimelipeleka.

Gazeti la kwanza lilikuja, halimo. La pili, halimo. Alikuwa akisimama kituoni kungoja basi, fundi mzima, cherehani ameiacha na nguo ya mtu chini ya sindano. La tatu alilifungua pale pale barabarani, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, akalikunja taratibu. Watu wakaanza kusema alivyokwisha. Jioni yake akamwambia mwalimu mkuu kwamba ameacha kuigiza.

Ile sehemu ya mzee nikaiomba mimi. Nilikuwa nimeshaona ni nani anayetazamwa na ni nani asiyetazamwa. Bibi harusi akapewa mwalimu mmoja mgeni, mwenye mabega ya mchukuzi, na tukapanda kilimani Kwale na lori la mwanakijiji mmoja, meza zetu na pazia jipya nyuma.

Nilicheza kwa usahihi. Nilitembea kizee, nilimumunya kizee, tambuu yangu ilipondwa, na sikutafuna kitu. Watu walipiga makofi ya adabu. Nilikuwa ninajifuta unga usoni nilipomwona yule mzee wa Vanga anakuja upande wetu na bakora yake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mzee wa leo? Umejitahidi." Akatazama huku na huku. "Na yule wa karanga yuko wapi? Yeye ndiye niliyemfuata mpaka huku. Kijana yule alinichekesha hata nikatafuta pa kushika. Mimi simpigi mtu nisiyemuonea uwezo. Nilikuwa nikingoja anijibu, nimpe mkono, tumalizane kwa uzuri."

"Ameacha, Maalim."

"Kwa nini?"

"Hakuwa na la kujibu."

Hakuna aliyenilazimisha kusema vile. Mzee akatikisa kichwa, akasikitika. Nami badala ya kunyamaza nikamuuliza lile lililokuwa likinila kwa wiki zote zile: mbona bibi harusi wa Msambweni hakumtaja?

Uso wake ukabadilika. "Astaghfirullahi! Mtoto wa watu nitamtiaje gazetini? Nyinyi niliwalaumu moyoni kwa kumpandisha binti mbele ya wanaume. Lakini yeye ana baba yake, ana ndugu zake, mimi nitamtaja nikiwa nani? Leo nimeona mmeweka mwanamume, nikasema alhamdulillahi."

Nilimwambia kwamba binti yule alikuwa mimi. Akanicheka. Basi nikautwaa ukingo wa kilemba changu, nikaushika kwa meno kama buibui, nikainamisha macho, nikamwambia maneno mawili matatu ya bibi harusi kwa sauti yake. Mzee alinitazama, kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Subhanallah," akasema. "Basi nina deni lako."

Ningependa kuandika kwamba hapo nilimkumbuka ndugu yangu. Sikumkumbuka. Nilirudi Msambweni nikiimba juu ya lori. Kesho yake ndipo iliponijia kwamba mzee akiandika, ataandika na habari ya yule aliyenyamaza. Na ili nimzuie ingebidi nimweleze kwa nini alinyamaza. Nikaiacha ikae.

Wiki ya pili yake nilichelewa kituoni. Gazeti lilikuwa limeshafika, nalo lilikuwa kwa ndugu yangu. Aliponiona njiani alisimama nyuma ya cherehani akapiga kelele, "Umo! Ndugu yangu, na wewe umo!" Akanivuta nikae, akanisomea yeye mwenyewe, kwa furaha, kwa sauti ya kusikiwa na jirani. Beti mbili nzuri zilinisifu mimi, niliyemfumba macho mtunzi mwenye mvi. Ubeti wa tatu ulikuwa wa yule wa karanga: kwamba alipigwa kidogo tu, akakimbia, na kumbe hakuwa mchezaji, alikuwa na bahati ya siku moja.

Sauti yake ilishuka, lakini aliusoma wote. Kisha akalikunja gazeti, akalilaza juu ya kitambaa.

"Lile letu litakuwa lilipotea posta," akasema. "Si kitu. Wewe ulifanya lako."

Alikuwa akinitazama, na nafasi ya kusema ilikuwepo. Nikamwambia anirudie zile mbili za kwangu. Akalikunjua gazeti, akarudia.